Kipimo cha Akili Kina Tarehe, na Mpimaji Ana Wajibu

Namba moja ikiandikwa kwenye jalada la mwanafunzi inaweza kuamua atakaa darasa gani, atafundishwa na nani, na kama patakuwa na fungu la kugharamia msaada anaouhitaji. Namba hiyo ni alama ya kipimo cha akili. Aliyeiandika hufunga jalada na kumwita mtoto mwingine. Aliyeandikiwa huishi nayo. Kwa sababu hiyo gazeti hili linasema bila kuzunguka: hakuna afisa, mtaalamu wala taasisi yenye haki ya kumweka mtoto katika kundi la wenye ulemavu wa akili, au kumnyima msaada wa ugumu wa kujifunza, kwa alama ambayo mpimaji mwenyewe hawezi kueleza imetokana na kulinganishwa na watoto gani, wa nchi gani, wa mwaka gani.

Hili si suala la kuwaachia wasomi wabishane vyuoni. Limekwisha kuwagusa watoto wengi nchini Marekani, nchi yenye sheria ya elimu ya watoto wenye ulemavu tangu 1975, yenye wanasaikolojia wa shule na mahakama za kuwasimamia. Ikiwa kosa liliweza kukaa huko miaka mingi bila kuonekana, anayedhani haliwezi kukaa kwetu anajidanganya.

Tuanze na namba yenyewe, maana wengi wanaoitumia hawajawahi kuelezwa inavyopatikana. Alama ya akili haipimi wingi wa kitu kilichomo kichwani. Inataja nafasi: mtoto huyu yuko wapi miongoni mwa watoto wa rika lake waliofanya maswali hayohayo wakati jaribio lilipotengenezwa. Mchapishaji huteua watoto wa kulinganishia, na katika matoleo ya karibuni ya jaribio la Wechsler la watoto walikuwa 2,200. Huwapa maswali, kisha wastani wao huhesabiwa kuwa 100. Theluthi mbili ya watoto huangukia kati ya 85 na 115. Takriban wawili katika kila mia huwa chini ya 70, na hapo ndipo mifumo mingi ya elimu na sheria imechora mstari wa ulemavu wa akili. Kwa hiyo alama ya mtoto wa leo ni jibu la swali moja tu: angekuwa katika nafasi gani kama angeketi pamoja na watoto wale wa siku ile?

Watoto wale wa siku ile hawakai kuwa kioo cha watoto wa leo. Mwaka 1984 James Flynn, mwalimu wa sayansi ya siasa katika Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, alionyesha kwamba Wamarekani walikuwa wakipanda alama mfululizo kati ya 1932 na 1978. Mwaka 1987 alichapisha takwimu za nchi 14, na hali ikawa ileile. Kupanda huko ni kwa kadiri ya pointi 3 kila miaka 10. Mtoto wa wastani akipewa jaribio lililotengenezwa miaka 20 nyuma hapati 100, hupata kama 106, si kwa sababu yeye ni bora kuliko wenzake, bali kwa sababu analinganishwa na watoto ambao leo ni watu wazima.

Sababu zinazotajwa ni lishe bora, magonjwa machache utotoni, familia ndogo, miaka mingi zaidi darasani, na mazoea mapya ya kufikiri. Flynn, aliyefariki mwaka 2020, aliishikilia zaidi hiyo ya mwisho. Mfano wake mashuhuri ni swali la mbwa na sungura: wanafanana nini? Mtu wa zamani angejibu kwamba mbwa hutumika kumwindia sungura. Mtoto wa leo hujibu kwamba wote ni mamalia. Jibu la pili ndilo linalopewa alama. Wala kupanda hakukuwa sawa katika kila sehemu ya jaribio. Mafumbo ya maumbo na maswali ya kufananisha vitu yalipanda sana, huku hesabu, msamiati wa watoto na maarifa ya jumla yakipanda kidogo tu. Jambo hili msomaji alishike, kwa kuwa litarudi tukifika kwenye watoto wasioweza kusoma.

Wachapishaji hulijua tatizo, na ndiyo maana jaribio la Wechsler la watoto lililotoka mwaka 1949 limefanyiwa matoleo mapya mwaka 1974, 1991, 2003 na 2014. Kila toleo hurudisha wastani kuwa 100. Hapo ndipo penye jeraha. Mtoto aliyepata 73 kwa toleo la 1974 akipimwa tena mwaka 1992 kwa toleo jipya anaweza kupata 68. Hajaugua, hajaanguka, hajasahau kitu. Kilichobadilika ni kitabu kilicho mezani kwa mpimaji. Lakini sasa yuko chini ya mstari, na shule inamwita mlemavu wa akili.

Tomoe Kanaya, Matthew Scullin na Stephen Ceci hawakuishia kwenye dhana. Mwaka 2003 walichapisha uchunguzi wa karibu taarifa 9,000 za upimaji wa elimu maalumu kutoka maeneo mbalimbali ya Marekani. Wanafunzi waliokuwa karibu na mstari, walipopimwa tena kwa toleo jipya, walipoteza wastani wa pointi 5.6, na uwezekano wa kuitwa walemavu wa akili ukawa mkubwa kuliko kwa wenzao waliopimwa tena kwa toleo lilelile la awali. Mwaka 2006 Scullin alionyesha jambo hilohilo kwa takwimu za majimbo, yaani idadi ya watoto walioingizwa kwenye kundi hilo ilikwenda na ujio wa toleo jipya. Mtu asiyejua angetazama takwimu hizo akaandika ripoti juu ya sababu za ulemavu kupungua na kuongezeka, akapendekeza bajeti, akafukuza walimu, akasifu chanjo. Kumbe hesabu ilikuwa ikifuata ratiba ya mchapishaji.

Kwa upande wa ugumu wa kujifunza, kosa hugeuka likatazama kinyume. Kanuni za serikali ya Marekani za mwaka 1977 ziliruhusu mtoto atambuliwe kuwa na ugumu huo pale penye pengo kubwa kati ya alama yake ya akili na kiwango chake cha kusoma, kuandika au kuhesabu. Wazo lilionekana la busara: akili ipo, kusoma hakupo, basi pana kizuizi. Tuchukue mtoto mwenye alama ya kusoma ya 80, katika shule inayodai pengo la pointi 15. Kwa jaribio la akili lililozeeka anapata 97. Pengo ni 17, anapewa mwalimu wa kumsaidia. Mwaka unaofuata jaribio jipya linafika, anapata 92. Pengo limekuwa 12, na mwalimu anaondolewa. Mtoto bado hawezi kusoma ubao. Na kwa kuwa kupanda kwa alama za akili hakukufuatana na kupanda kwa ustadi wa kusoma, kila mwaka jaribio linapozeeka pengo la bandia hupanuka lenyewe, na watoto wengine wakaitwa wenye ugumu mahususi kumbe shida yao ni nyingine. Wako pia wale wa kati, wenye alama za 71 hadi 85, ambao hawamo katika kundi lolote. Hao husoma wakiwa nyuma tangu darasa la kwanza mpaka wanapoacha shule, na hakuna fungu lililoandikwa jina lao.

Marekani ilichukua muda mrefu kujirekebisha. Ni mwaka 2004 tu sheria ya elimu maalumu ilipoyakataza majimbo kulazimisha kigezo cha pengo. Mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani wa mwaka 2013 ukaacha kabisa kulitegemea pengo hilo, ukasema pia kwamba ulemavu wa akili upimwe kwa namna mtu anavyoendesha maisha yake ya kila siku na si kwa alama peke yake. Kati ya 1977 na 2004 ni miaka 27. Mtoto aliyeanza shule mwanzoni mwa kipindi hicho alikimaliza akiwa mzazi.

Hata mstari wenyewe si wa maumbile. Ufafanuzi wa chama cha Marekani cha wataalamu wa ulemavu wa akili uliokuwa ukitumika tangu miaka ya mwisho ya 1950 ulianza kuhesabu ulemavu wa akili katika alama zilizo chini ya 85 hivi. Mwaka 1973 mstari ukashushwa hadi 70. Kwa hesabu ya kanuni, kundi lililoweza kuwachukua watu 16 katika kila mia likabaki na wawili. Hakuna aliyeponywa. Kamati ilikaa, ikaandika.

Uzito wa mstari huo ulidhihirika mahakamani. Mwaka 2002, katika kesi ya Atkins, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba mtu mwenye ulemavu wa akili asiadhibiwe kwa kifo. Tangu hapo alama aliyopata mtu akiwa mwanafunzi wa darasa la nne imekuwa ushahidi wa kumwokoa au kumpeleka kwenye kifo, na wanasheria wamelazimika kuuliza: jaribio lile lilikuwa na umri gani siku alipolifanya? Mwaka 2014, katika kesi ya Hall, mahakama hiyohiyo ililikosoa jimbo la Florida kwa kuichukulia 70 kama ukuta bila kujali ukingo wa makosa ambao kila kipimo kinao. Majaji walifika walipopaswa kufika walimu na maofisa wa elimu miaka mingi kabla.

Na kabla ya Atkins palikuwa na California. Katika kesi ya Larry P., iliyofunguliwa mwaka 1971, ilidhihirika kwamba watoto weusi walikuwa takriban mmoja kati ya kumi ya wanafunzi wa jimbo lakini zaidi ya robo ya walio katika madarasa ya wanaoitwa wenye ulemavu wa akili. Mwaka 1979 Jaji Robert Peckham alikataza kutumia majaribio ya akili kuwapeleka watoto hao katika madarasa hayo. Hatusemi kila mtoto aliyewekwa pale alionewa. Tunasema wenye madaraka waliitumia namba hiyo kwa miaka bila kumuuliza yeyote ililinganishwa na nani, na waliacha kuitumia walipoamriwa, si walipotambua.

Alfred Binet asingelikubali hilo. Yeye na Théodore Simon walitengeneza jaribio la kwanza mjini Paris mwaka 1905 kwa ombi la serikali iliyotaka kuwatambua watoto wanaohitaji mafundisho ya ziada. Kusudi lilikuwa kumtafuta mtoto ili asaidiwe. Mwaka 1909, miaka miwili kabla ya kufariki, Binet aliandika akiwapinga vikali wale walioanza kudai kwamba akili ya mtu ni kiasi kisichoweza kuongezwa. Jaribio likavuka bahari, onyo lake likabaki nyuma.

Sasa tuje kwetu. Wapo watakaosema mambo haya ni ya Wamarekani. Mwaka 2003 Tamara Daley na wenzake walichapisha matokeo ya watoto wa vijijini Embu, Kenya, wenye umri wa miaka saba hivi, waliopimwa mwaka 1984, na wengine wa rika hilo waliopimwa mwaka 1998 kwa mafumbo ya maumbo ya Raven. Katika miaka 14 alama zilipanda sana. Watafiti walihusisha mabadiliko hayo na lishe, na wazazi wanaojua kusoma, na familia zilizokuwa ndogo kuliko zamani. Maana yake kwa mpimaji wa Afrika Mashariki ni nzito: pale ambapo maisha ya watoto yanabadilika haraka, kipimo nacho huzeeka haraka. Na sisi mara nyingi tunatumia vipimo ambavyo si tu vina tarehe ya zamani, bali pia ni vya nchi nyingine. Mtoto wa Sumbawanga au Turkana akilinganishwa na watoto wa Ohio wa mwaka 1991, kuna makosa mawili ndani ya namba moja. Moja humpandisha, jingine humshusha, na hakuna mtu aliye na hesabu ya kuyatenganisha.

Watakaojitetea kwamba tunaweza kukata pointi chache kwa kila mwaka wa jaribio nao wanyamaze kidogo. Nchini Norwe, Bernt Bratsberg na Ole Rogeberg walionyesha mwaka 2018 kwamba alama za vijana wa jeshi zilipanda hadi kwa waliozaliwa katikati ya miaka ya 1970, kisha zikaanza kushuka, hata kati ya ndugu wa nyumba moja. Kupanda si sheria ya dunia. Kuna pahala kunapanda, pahala kumesimama, pahala kunashuka. Njia ya uaminifu ni moja: kuwapima watoto wa hapa, sasa, na kurudia kabla kipimo hakijachakaa.

Wakala wa Vipimo wa Tanzania hukagua mizani za wafanyabiashara kila mwaka na kuzibandika alama ya uhakiki, na mchuuzi anayepimia nyama kwa mizani isiyohakikiwa hupelekwa mbele ya sheria. Kenya nayo ina idara ya kazi hiyohiyo. Serikali zetu zimeona kwamba mnunuzi wa nusu kilo ya nyama anastahili ulinzi huo. Tunauliza rasmi: ni nani anayekihakiki kipimo kinachotumika kuamua mtoto apelekwe kitengo cha elimu maalumu? Muhuri wake uko wapi, na wa mwaka gani?

Jibu la kwamba uwezo hatuna hatulikubali. Kilifi, katika pwani ya Kenya, watafiti wa taasisi ya KEMRI na wenzao wa Wellcome walitengeneza vipimo vya watoto wa mahali pale, kwa lugha za pale, kwa vifaa ambavyo mtoto wa kijijini ameviona. Penny Holding na wenzake walichapisha kazi hiyo mwaka 2004, na mwaka 2008 Amina Abubakar na wenzake wakatoa kipimo cha makuzi cha Kilifi kwa watoto wachanga na wadogo. Bagamoyo, kundi la watafiti lililomjumuisha Mtanzania Damaris Ngorosho na Mmarekani Robert Sternberg liliwapima wanafunzi wenye umri wa miaka 11 hadi 13, likawafundisha namna ya kuyashughulikia maswali kwa muda usiofika saa moja, kisha likawapima tena. Alama zilipanda, na mpangilio wa nani yuko juu na nani yuko chini ukabadilika. Chini ya saa moja. Fikiri juu ya mtoto aliyepimwa mara moja tu, asubuhi moja, na mgeni, kwa lugha ya tatu, halafu akaandikiwa hatima.

Lugha ni mahali ambapo wajibu wetu ni mkubwa kuliko popote, maana hakuna atakayetufanyia kazi hiyo. Majaribio ya disleksia, yaani ugumu mahususi wa kusoma, yaliyotungwa kwa Kiingereza hutegemea maneno ambayo herufi zake hazifuati matamshi. Kiswahili hakiko hivyo. Mtoto mwenye disleksia anayesoma Kiswahili anaweza kuzitamka silabi zote sawasawa, lakini polepole mno, kwa jasho, akifika mwisho wa sentensi amesahau mwanzo wake. Mwalimu mwenye wanafunzi 90 humsikia akisoma na kuandika kwamba ameweza KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Kisha anaingia kidato cha kwanza, Kiingereza kinamwangukia, na jina analopewa ni mvivu. Katie Alcock na Ngorosho walikwisha kuonyesha mwaka 2003 kwamba kujifunza kuandika Kiswahili, pamoja na unyoofu wa tahajia yake, si kazi nyepesi kwa mtoto. Ujuzi huo uko kwenye majarida. Hauko mikononi mwa mwalimu wa darasa la pili, na kuufikisha hapo ni kazi ya wizara, si ya mwalimu.

Tusieleweke vibaya. Gazeti hili halisemi watoto waache kupimwa. Asiyepimwa hupigwa. Hukaririshwa darasa mara mbili, mara tatu, huitwa mzito mbele ya wenzake, huketishwa nyuma, hutumwa kuchota maji ya walimu wakati wenzake wanasoma. Kumtambua mtoto mapema ni haki yake. Ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya ya 2010 na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania ya mwaka huohuo zinalinda haki za watu wenye ulemavu, na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006 kuhusu haki hizo nchi zote mbili zimeuridhia. Kenya ina vituo vya kupima na kushauri kuhusu elimu tangu 1984, vilivyoanzishwa kwa msaada wa Denmark, na Taasisi ya Elimu Maalumu, KISE, tangu 1986. Tanzania ina Chuo cha Patandi, Arusha, kinachoandaa walimu wa elimu maalumu. Msingi upo. Tunachodai ni kazi inayolingana na msingi huo.

Kazi hiyo inaanzia kwa mpimaji. Taarifa yoyote ya upimaji itaje jina la jaribio, toleo lake, mwaka na nchi ya watoto waliolinganishiwa, lugha aliyopimiwa mtoto, na ukingo wa makosa. Taarifa isiyo na mambo hayo irudishwe, hata ikiwa imetiwa saini na profesa. Mtu anayeandika 68 bila kusema kwamba kipimo chake kinaweza kumaanisha 63 au 73 ameficha nusu ya anachokijua, na kuficha huko ni utovu wa maadili ya kazi. Aulizwe pia mama, bibi, jirani: mtoto huyu akitumwa dukani hurudi na chenji sahihi? Huchunga mbuzi wakarudi wote? Humvalisha mdogo wake? Hujua njia ya kwenda kwa shangazi? Mtoto anayefanya hayo yote huku alama yake ikiwa 66 anatuambia jambo juu ya kipimo, na mtaalamu aliyekula kiapo cha kazi yake analazimika kusikiliza.

Vyuo vikuu vyetu vina wajibu ambao vimeukwepa muda mrefu mno. Idara za saikolojia na elimu hutoa tasnifu kila mwaka. Nyingi hutumia vipimo vya kigeni vilivyotafsiriwa kwa haraka. Ziungane, nchi kwa nchi, zitengeneze vipimo vya Kiswahili na lugha nyingine za watoto, zikusanye watoto wa mjini na wa vijijini, wa bara na wa pwani, na zirudie kazi hiyo kila baada ya miaka 10. Serikali ilipe. Haiwezekani kuchapisha mitihani ya taifa kwa mamilioni ya karatasi kila mwaka halafu kudai hakuna fedha za kuhakiki kipimo kimoja.

Mashirika yanayokuja na mabegi ya majaribio kutoka nje, yakapima watoto wa kata nzima kwa wiki moja na kuondoka na takwimu, nayo yasiruhusiwe kuacha nyuma yao lebo. Anayetaka kupima kwa ajili ya utafiti apime, lakini alama hizo zisiingie kwenye jalada la mtoto, na mkuu wa shule anayeziingiza awajibishwe.

Mzazi asiogope ofisi. Akiambiwa kwamba mwanawe ana ulemavu wa akili, au kwamba hana ugumu wowote bali hataki tu kusoma, ana haki ya kuomba taarifa kwa maandishi, kuelezwa kwa lugha anayoielewa, na kudai mtoto apimwe tena na mtu mwingine. Hapokei fadhila akifanya hivyo.

Na kuhusu watoto waliokwisha kupangwa, subira imekwisha. Kila mwanafunzi aliye katika kitengo cha elimu maalumu kwa sababu ya alama peke yake, na kila aliyenyimwa msaada kwa sababu alama yake ilizidi mstari kwa pointi tano au pungufu, jalada lake lifunguliwe upya ndani ya mwaka huu wa masomo. Wizara za elimu za Kenya na Tanzania zitoe waraka, zitaje afisa wa wilaya atakayewajibika, na zitangaze hadharani ni majalada mangapi yamepitiwa na ni watoto wangapi wamehamishwa. Wakati kazi hiyo ikiendelea, msaada ambao mtoto yeyote anaupata sasa usikatwe.